Mara ya Arobaini na Saba

Hegla, Alhamisi, tarehe 21 Machi 1985

Synnøve,

Nimepoteza njia yangu. Nimeipoteza Jumanne, tarehe 19 Machi, saa nane na robo mchana, jikoni kwangu mwenyewe, nikiwa na unga mikononi. Nakuandikia saa na tarehe ili usije ukaniambia baadaye nimechanganya mambo.

Torleiv Aasebø, huyu mwenyekiti wa chama cha wapanda milima, alikuja na karatasi yenye mchoro wa kibao. Unamjua: hakai mpaka apewe kahawa, na akishapewa kahawa hainuki.

"Habari njema, Borghild," akasema. "Tarehe nane Mei amani inatimiza miaka arobaini, na sisi tunasimika kibao pale chini ya maporomoko ya maji. Njia ya kupanda Skorva sasa itakuwa na jina."

Nikafuta mikono. Nilikuwa nimeshaanza kutabasamu, mpumbavu mimi. Akafunua karatasi: NJIA YA SYNNØVE.

"Ya nani?"

"Ya mdogo wako! Si umefurahi?"

"Torleiv," nikamwambia, "hiyo kahawa irudishe."

Sasa tuhesabu, maana mimi bila hesabu sielewi kitu. Kutoka uani kwetu hadi Skorva, palipokuwa na ghala letu la mlimani, ni mita mia nne na kumi za kupanda, ubavuni mwa maporomoko, uso umelowa kutwa. Mawe ya kukanyagia ni elfu moja mia moja arobaini na mawili. Mia tisa kati ya hayo nimeyaweka mimi, kwa mtaimbo na mgongo huu, majira ya joto kumi na saba. Hapa nilianza na vitanda viwili na mbuzi kumi na mmoja. Leo nina vyumba tisa, na mwaka jana nimelaza wageni mia mbili na kumi na wanne. Karibu wote wamepanda njia hiyo, wakaona msingi wa ghala lililochomwa, wakala mkate wangu juu kule, wakashuka wakisema hawajawahi kusikia kimya kama cha fiodi hii, huu mkono wa bahari uliobanwa na milima.

Na wakati wa vita, wale vijana watatu na redio yao walipojificha Skorva, nani alikuwa akipanda na gunia? Viazi, samaki wa heringi wa chumvi, jibini ya Mama, betri nzito kama watoto, na kila jiwe lina barafu. Mara arobaini na saba, Synnøve. Wewe ulianika nguo. Mara moja.

Nimekisoma kijitabu chao. "Jumapili, tarehe 11 Machi 1945, karibu saa saba mchana, msichana wa miaka kumi na saba aliiona boti ya Wajerumani ikija. Akaanika nguo kambani. Hiyo ndiyo ishara iliyokuwa imepangwa, kwa kuwa hakuna mtu wa fiodi hii angeanika nguo siku ya Bwana, na hakuna Mjerumani angelijua hilo. Vijana wakaiona kutoka juu, wakavuka mlima, wakaokoka." Vizuri sana. Mimi nimo ukurasa wa pili, chini, baada ya picha ya mbuzi: "Dada yake alisaidia chakula."

Alisaidia chakula!

Kiangazi kilichopita mwalimu mmoja Mholanzi alishuka kutoka juu, akaniuliza kama anaweza kupiga picha na yule shujaa. Nikamwambia shujaa yuko Oslo anacheza karata. Akanishukuru, akapiga picha mbuzi.

Mwandikie Torleiv ukatae. Ni mistari miwili. Na usinipigie simu: kwenye simu wewe unalia, mimi nanyamaza, halafu wewe ndiye unakuwa na haki. Kwenye karatasi tuko sawa.

Borghild


Oslo, tarehe 27 Machi 1985

Dada yangu Borghild,

Barua yako nimeisoma nimesimama, na koti bado mwilini, kwa sababu niliuona mwandiko nikajua si barua ya kukalia.

Sikuomba kibao. Walinipigia simu wao, mwezi wa Februari, na nikasema ndiyo kabla sijafikiri, kwa ajili ya Eivind. Angefurahi. Ni miaka miwili tangu nimzike mume wangu na bado kila habari njema naibeba hadi kwenye kiti chake kabla sijakumbuka. Wewe hujawahi kuwa na kiti cha namna hiyo, usikasirike nikikuambia.

Lakini Borghild, kibao ni ubao na misumari minne. Wewe una nyumba. Una maporomoko, una fiodi nzima mbele ya dirisha, na huko mtu akikohoa anakuuliza wewe kwanza kama anaumwa. Mimi nina ghorofa ya tatu na lifti mbovu. Nikifa, watu wa hapa watajua siku kisanduku cha barua kitakapojaa. Niachie ubao.

Nitafika tarehe saba kwa meli ya jioni. Nikubalie chumba kile cha dirisha la majini, kama hakina mgeni. Wananitaka niseme maneno machache. Nitakutaja, tena kwanza, kabla ya Mama na Baba.

Na jambo moja zaidi. Mimi na wewe tunajua kwamba kuna mambo ya Jumapili ile ambayo hayajawahi kusemwa. Tumezeeka nayo vizuri tu. Nakuomba tuyaache yalipo.

Mdogo wako,
Synnøve


Hegla, tarehe 2 Aprili 1985

Kwa Mwenyekiti, Torleiv Aasebø

Ndugu Mwenyekiti,

Nakuandikia rasmi ingawa nakuona kutoka dirishani, kwa darubini, ukirekebisha boti yako, na ubao wa tatu umeuweka kinyume.

Napinga jina la njia. Sababu zangu ni hizi. Yule mnayemwita mwenye njia hajapanda hadi Skorva hata mara moja wakati wa vita. Na baada ya vita amepanda mara nne, mara mbili kati ya hizo akaishia kwenye daraja la nusu ya njia. Mimi nilipanda mara arobaini na saba katika miezi mitano ya hatari. Jumapili yenyewe nilikuwa zizini kwa mbuzi. Nilipoziona nguo kambani nikapanda mbio kuwasaidia vijana kubeba redio, nikawaongoza hadi ng'ambo ya mlima. Hayo yote kijitabu chenu kimeyafanya kuwa "alisaidia chakula".

Naomba kibao kisichongwe hadi hili liishe. Na wageni wangu wataendelea kupanda, wenye jina na wasio na jina.

Borghild Hegla


Vollen, tarehe 9 Aprili 1985

Mpendwa Borghild,

Ubao nimeugeuza, asante.

Tumekaa kikao, watu saba, masaa matatu, keki mbili. Wanne wanakuunga mkono, watatu wanaogopa magazeti, maana hadithi ya nguo ndiyo watu wanaipenda; gunia la viazi halina picha nzuri. Lakini tumekubaliana hivi: utuandikie kwa mkono wako mwenyewe ulivyoiona Jumapili ile, tangu asubuhi, saa kwa saa. Ulikuwa wapi, uliona nini, ulipanda saa ngapi. Tukiwa na karatasi hiyo tunaweza kubadili jina bila mtu kusema tumependelea. Mchongaji anaweza kusubiri hadi Jumamosi, tarehe 4 Mei. Meli ya barua ikiondoka kwako siku hiyo bila karatasi yako, anachonga lililopo.

Wewe ndiye mwenye hesabu kuliko sisi sote, kwa hiyo halitakuwa jambo gumu.

Torleiv


Hegla, tarehe 13 Aprili 1985

Synnøve,

Chumba cha dirisha la majini kina mgeni. Nimekikodisha kwa hewa.

Umesema kuna mambo ya Jumapili ile hayajasemwa. Nayajua. Yanaitwa Eivind. Ulidhani sitayasema kwa kuwa amekufa? Nimekaa kimya akiwa hai, miaka thelathini na minane, nikimpakulia chakula kila Julai mlipokuja kupumzika kwangu, yeye akisifu viazi. Sasa nasema.

Juni arobaini na tano aliposhuka melini, nilikuwa gatini. Nilikuwa pale tangu asubuhi. Nilidai kwamba nasubiri unga. Miezi mitano nilikuwa nimempelekea mtu huyu chakula, nimeshona soksi zake, nimemwona akitetemeka kwa homa, nimemfundisha kutofautisha ngurumo ya theluji inayoporomoka na ngurumo ya injini. Akashuka. Akanipa mkono, hivi, mkono umenyooka, kama mtu anayemuaga mwalimu wake. "Asante kwa yote, Borghild," akasema. Kisha akatazama juu ya bega langu. "Yuko wapi aliyeanika nguo?"

Siku hiyo nilielewa kuwa mtu anaweza kubeba gunia hadi mabega yachubuke na akashindwa na vibanio vya nguo.

Alikuoa kwa ajili ya ile kamba. Usibishe. Mwanaume akiokolewa anataka kumtazama aliyemwokoa akimwandalia kahawa kila siku. Anajisikia ana thamani. Sikulaumu kwa kumchukua. Nakulaumu kwa kukaa nacho kisa hicho kama taji, miaka yote, kila mwaka ukikiongeza chumvi, mpaka kikaingia kitabuni, na sasa kinataka kuingia kwenye mawe niliyoyapanga mimi.

Torleiv anataka niandike Jumapili ile saa kwa saa. Nilikaa jana nikajaribu, na nilipofika kwenye saa, kalamu ikasimama. Maana kuna kitu hakilingani, na si kwangu, ni kwako. Nguo zilionekana kambani saa nne. Boti ilifika saa saba. Na kutoka kwenye ile kamba, mdogo wangu, boti haionekani mpaka ipite mwamba wa Vollen, na kutoka mwamba wa Vollen hadi gati letu ni dakika kumi na mbili kwa injini. Nimezipima kwa saa, wageni wakija. Kumi na mbili. Sasa wewe uliiona vipi boti masaa matatu kabla haijaja? Ulikuwa nabii?

Nijibu hilo kabla hujaandika hotuba. La sivyo nitakuuliza tarehe nane, mbele ya watu wote na bendi.

Borghild


Oslo, tarehe 20 Aprili 1985

Dada,

Miaka arobaini nimengoja mtu aniulize niliiona wapi boti. Waandishi wa magazeti watatu, mchungaji, walimu, mfalme mwenyewe ningedhani angeuliza kama angepita. Hakuna aliyeuliza. Nilijua kwamba siku moja mtu mwenye saa mkononi atauliza, na nilijua atakuwa wewe.

Sikuiona. Sikuona boti yoyote.

Kaa chini, kama ulisimama.

Hakuna mtu aliyeniambia habari za ishara. Nilijua mko na siri huko juu, sikuwa mjinga, nilikuwa nakuona ukitoka na gunia. Lakini Baba alisema mdomo wangu haufungiki, na mezani mlikuwa mkinyamaza nikiingia. Umewahi kukaa mezani, Borghild, ambapo watu watatu wananyamaza kwa ajili yako? Nilikuonea wivu hadi kijiko kikanishinda kushika. Nilionea wivu miguu yako. Nilionea wivu hata ule uchovu wako wa jioni, jinsi Mama alivyokuvua viatu. Na nilionea wivu sweta lako la bluu, lile la sufu ya Shangazi Oddlaug, lililokuwa pekee zuri katika nyumba nzima.

Jumamosi, tarehe kumi, nililichukua sandukuni bila kukuambia nikalivaa kwenda mkutano wa vijana Vollen. Nikalimwagia juisi ya matunda mekundu, kifuani kote. Nilirudi nimejifunika shali. Jumapili asubuhi nikajifanya nina mafua ili wazee waende ibada bila mimi. Walipoondoka kwa boti saa mbili, nilingoja utoke, maana ulikuwa umekaa dirishani na wala hukutaka kubanduka. Sikujua kuwa umewekwa zamu ya kutazama fiodi. Nilidhani umeamua tu kunikera.

Halafu ukatoka. Saa mbili na nusu. Ulikuwa umechana nywele. Borghild, hakuna mtu anayechana nywele kwenda kwa mbuzi.

Nikalifua sweta. Jikoni lisingekauka kabla ya wazee kurudi, na sufu mbichi inanuka, Mama angejua kabla hajavua kofia. Upepo ulikuwa mzuri nje. Nilijua ni Jumapili, nilijua ni aibu. Nikajiambia Mungu atanisamehe mapema kuliko Borghild. Nikalianika, na ili mtu akipita majini asilione, nikaning'iniza foronya mbili kila upande kulificha. Ndiyo nguo zenyewe hizo. Ndiyo ushujaa.

Wajerumani walipofika saa saba, lilikuwa bado bichi mikononi. Walinipita mlangoni kama kiti. Nikawaona wakipanda njia, wanajeshi saba, na baadaye moshi.

Na jioni ukaja. Unaikumbuka jikoni ilivyokuwa? Baba mweupe kama ukuta. Wewe umelowa hadi kiunoni, umechoka, macho yanang'aa. Ukamwambia Mama, "Wamevuka. Wote watatu. Eivind amesema nimwambie aliyeanika nguo kwamba atarudi kumshukuru."

Mama akasema, "Si mimi. Mimi nilikuwa ibadani."

Mkageuka wote mkanitazama. Mara ya kwanza katika miezi mitano mlinitazama mimi. Baba akasema, "Kumbe Borghild alimwambia." Wewe ukasema, "Mimi? Si Mama?" Na Mama akanikumbatia, akalia, hakuna aliyengoja jibu. Ningesema nini? Kwamba nilikuwa naficha doa? Nilisema, "Nilifanya nilivyoweza." Maneno mawili. Nimeishi ndani yake tangu hapo.

Lakini sasa na wewe unisikie, kwa kuwa umeleta hesabu. Siku za gunia zilikuwa Jumatano na Jumamosi. Kuanzia tarehe nne Oktoba hadi tarehe kumi Machi ni wiki ishirini na tatu. Mara mbili kwa wiki: arobaini na sita. Ya arobaini na saba ilikuwa Jumapili, na gunia lilibaki kwenye msumari nyuma ya mlango, nililiona. Na umeandika mwenyewe, kwa hasira, kwamba nguo zilionekana saa nne. Kutoka zizini kamba haionekani, ghala la uani linaziba. Kutoka Skorva inaonekana. Kwa hiyo saa nne hukuwa kwa mbuzi. Ulikuwa juu tayari, dirisha halina mtu, na fiodi haina mtazamaji, na boti iko njiani.

Kama nisingekuwa mwizi wa sweta, Borghild, wangekamatwa wote watatu. Na wewe pamoja nao.

Sijamwambia mtu. Sikuwahi kumwambia mtu. Haya ndiyo niliyokuomba tuyaache yalipo. Sikuwa nazungumzia Eivind kabisa.

Sasa unayo barua hii na unaweza kuifanya lolote. Ukiipeleka kwa Torleiv sitabisha.

Mdogo wako,
Synnøve


Hegla, Jumatatu, tarehe 29 Aprili 1985

Synnøve,

Barua yako ilifika Jumatano iliyopita. Siku tano sikuijibu, na moja kati ya hizo nilikuwa juu. Bado kuna theluji kwenye mawe mia mbili ya mwisho. Nilipanda kwa viatu vya misumari, masaa mawili na dakika kumi, na zamani nilikuwa natumia dakika sabini. Nilitaka kuhakikisha. Nilikaa kwenye msingi wa lile ghala nikatazama chini. Uko sahihi. Kamba inaonekana, na ukiwa na darubini unaweza kuhesabu vibanio.

Kwa hiyo nianze na deni langu la maneno. Ndiyo. Nilikuwa juu. Nilipewa zamu ya dirisha na nikaiacha, kwa sababu Jumamosi, nilipokuwa nafunga gunia tupu, Eivind alisema, "Jumapili huwa ndefu sana huku." Hakusema njoo. Alisema tu Jumapili ni ndefu. Nikachana nywele.

Nilifika kabla ya saa nne. Wale wawili walikuwa wamelala. Yeye alikuwa anamenya viazi nje, darubini shingoni, na aliponiona akacheka. "Umekuja mikono mitupu, bibi wa gunia? Basi leo tutakula mazungumzo." Tukakaa. Sitakuambia tuliyoyazungumza, ni robo saa tu, na ni yangu. Kisha akainua darubini, kama alivyofanya kila siku, kwa mazoea, akauliza:

"Leo ni siku gani?"

"Jumapili. Umelewa viazi?"

"Mbona kuna nguo kambani kwenu?"

Nikamnyang'anya darubini. Nikaona foronya, nikaona bluu katikati, nikalitambua sweta langu. Unajua niliwaza nini? Niliwaza Mama ameona hatari majini akarudi kabla ya ibada, ametafuta dirishani akakuta sipo, akachukua kitu cha kwanza kilicho changu ili nijue ananisema. Nilibeba ile betri kupita mlima nikiwa na hofu ya Mama zaidi kuliko ya bunduki. Na jioni nilipogundua ni wewe, na hakuna anayeniuliza kuhusu dirisha, nilishukuru, Synnøve. Nilishukuru na nikakuchukia kwa pumzi moja. Uliponipokonya Eivind sikuweza hata kulalamika, kwa sababu kila nilipofungua mdomo niliona lile dirisha halina mtu.

Sweta, kwa taarifa yako, sikuliona tena. Sikuuliza kwa sababu nilidhani Wajerumani wamelichukua. Miaka arobaini nimewashtaki watu wasiohusika. Angalau kwa hilo.

Sasa mambo ya kazi. Torleiv anataka karatasi ya saa kwa saa. Nikiiandika kwa ukweli, njia haiwi yako, na haiwi yangu pia. Inakuwa ya doa la juisi. Nikiiandika kwa uongo wangu wa zizini, inakuwa yangu, na wewe utasimama pale na hotuba yako ukijua, na mimi nikijua kwamba unajua. Nisipoandika kabisa, inabaki yako. Nimezitandika zote tatu mezani na nimeshindwa kuchagua, na mimi si mtu wa kushindwa kuchagua. Nimejenga vyumba tisa bila kumuuliza mtu rangi ya pazia.

Nimegundua kwa nini siwezi. Sikitaki kibao. Nilidhani nakitaka. Ninachokitaka ni kitu kimoja ambacho kiko kwako, na hakuna mwingine aliye hai wa kunipa.

Eivind alijua?

Umeandika kwamba hujawahi kumwambia mtu. Nimeisoma sentensi hiyo mara nyingi kuliko nilivyopanda Skorva. Ninyi mlikuwa mume na mke miaka thelathini na sita, mlilala kitanda kimoja, mlizika wazazi pamoja. "Mtu" ni pamoja na yeye? Na usinijibu kwa mzunguko. Alipokuomba akuoe, arobaini na saba, pale gatini kwetu, alikuwa anajua kwamba ulianika sweta lenye doa, au alidhani anamuoa msichana aliyeiona boti?

Nitakuambia inanihusu nini, ili usiseme dada anachimba kaburi. Kama hakujua, basi uliniibia. Alikuchukua kwa ajili ya ishara, na ishara haikuwepo, na pengine angenitazama mimi pale gatini kwa dakika moja zaidi. Nimeibiwa, sawa, nitakasirika na nitaelewa hasira yangu ni ya nini, na huenda kufika Agosti nitakuwa nimekusamehe, maana wewe ulikuwa na miaka kumi na saba.

Lakini kama alijua, kama ulimwambia kila kitu na yeye akacheka kama nijuavyo alivyocheka, na bado akakuoa, basi hukuniibia chochote. Basi alikuwa anakutaka wewe tu, hata bila nguo kambani, na mimi nimekaa miaka arobaini nikiionea wivu kamba.

Naogopa hilo la pili. Nakuambia wazi. Ningependa zaidi kuibiwa.

Usinipigie simu, nitajua kwa sauti kabla hujasema. Usije nalo tarehe saba mfukoni ukangoja wakati mzuri. Hakuna wakati mzuri. Andika neno moja kwenye karatasi, alijua au hakujua, na utie stempu siku hiyo hiyo barua hii itakapokufikia. Meli ya barua inafunga gatini hapa Jumamosi, tarehe 4 Mei, saa tano kamili asubuhi, na inakaa dakika ishirini. Mimi nitakuwa pale na kalamu na karatasi tupu ya Torleiv. Nikilipata neno lako, dakika ishirini zinanitosha kujua niandike nini. Nisipolipata, nitaandika yote, saa kwa saa, tangu ulivyofungua sanduku langu hadi nilivyochana nywele, na yatasomwa mbele ya watu wote.

Alijua au hakujua? Jumamosi, saa tano.

Borghild